Bonde la Mto Nairobi: Safari ndefu ya kurejesha uhai kwenye kingo za mito ya Eastlands

MNAMO Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, kundi la wananchi lilitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa maandamano ya amani hadi uwanja wa Kamukunji, hatua chache kutoka ukingo wa Mto Nairobi. Hapo walipanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii mojawapo ya Kenya. Aliyekuwa mstari wa mbele katika shughuli hiyo alikuwa Wangari Maathai, msomi wa chuo kikuu na mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt, ambalo lilimfikisha Maathai kwenye Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanzo huo ulikuwa Eastlands. Vuguvugu lilienea vijijini, likapanda mamilioni ya miti katika milima na mashamba, ilhali bonde lilikoanzia liliendelea kuharibika. Mingi kati ya miti ile saba haikudumu. Ukweli huo mchungu una funzo ambalo hadi leo ndilo kiini cha mjadala kuhusu mito ya Nairobi: kupanda ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya maisha.

Mito mitatu, bonde moja

Jina la jiji lenyewe limetokana na maji. Katika lugha ya Kimaasai, Enkare Nairobi maana yake ni maji baridi. Kabla ya reli kufika mwaka 1899, mahali palipojengwa mji palikuwa na kinamasi chenye mafunjo na matete, ambako wafugaji walinywesha mifugo yao.

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu. Hupita magharibi mwa jiji, ukavuka Chiromo na eneo la Globe, kisha ukaingia Eastlands kupitia Kamukunji na Gikomba. Kutoka hapo hupita kando ya Shauri Moyo, Eastleigh na Kiambiu, ukatenganisha Korogocho na jaa la taka la Dandora, na kuendelea hadi Njiru na Ruai.

Upande wa kaskazini kuna Mto Mathare, unaopita katika bonde lenye mtaa wa mabanda wa jina hilo. Upande wa kusini kuna Mto Ngong, ambao hutoka katika msitu wa Ngong, ukaingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, kisha ukapita Eneo la Viwanda na mitaa ya Mukuru. Neno mukuru lenyewe katika lugha ya Kikuyu lina maana ya bonde au korongo. Mito hiyo miwili hujiunga na Mto Nairobi mashariki mwa jiji, na maji yote huishia katika Mto Athi.

Athi nao, baada ya kupita Ukambani na mbuga ya Tsavo, hubadilika jina ukaitwa Galana na kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Kwa hivyo mfuko wa plastiki unaotupwa mtoni Gikomba unaweza kuishia katika wavu wa mvuvi wa Malindi, na sumu inayomwagwa katika Mto Ngong hupita kwenye visima na mashamba ya wakulima wasioijua kabisa mitaa ya Mukuru.

Namna uhai ulivyotoweka

Kuharibika kwa bonde hili hakukuanza jana. Serikali ya kikoloni iligawa mji kwa misingi ya rangi. Wazungu walichukua nyanda za juu za magharibi zenye udongo mwekundu na misitu, nao wafanyakazi Waafrika wakapelekwa tambarare za mashariki, zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Pumwani, Kariokor, Ziwani, Shauri Moyo na Kaloleni ni mitaa iliyozaliwa katika mpango huo. Hapo ndipo mto ulipofika baada ya kubeba uchafu wa mji mzima.

Udongo mweusi una tabia yake. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Mvua ikinyesha huvimba na kuziba, maji yasiweze kupenya kwa urahisi. Mvua kubwa hugeuka mara moja kuwa maji ya mafuriko. Katika mazingira ya asili, nyasi ndefu, migunga na vinamasi vya kando ya mito viliyapokea maji hayo na kuyapunguzia kasi. Vilipoondolewa na mahali pake pakachukuliwa na mabati, saruji na lami, mto ulipoteza mahali pa kupumulia.

Baada ya uhuru idadi ya watu ilipanda kwa kasi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Nyumba za serikali na za mashirika hazikutosheleza mahitaji. Katikati ya miaka ya sabini, Benki ya Dunia ilishirikiana na serikali katika mradi wa viwanja vyenye huduma huko Dandora, uliolenga viwanja vipatavyo 6,000. Hata hivyo, waliokosa viwanja walikuwa wengi kuliko waliopata, na wengi wao walijenga mahali ambapo hapakuwa na mwenyewe wa kuwafukuza upesi, yaani kwenye kingo za mito.

Wakati huohuo, mwaka 1975, jaa la Dandora lilifunguliwa katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Mwaka 2007, utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, uliwapima watoto na vijana 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 waliokuwa wakiishi karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walipatikana na kiwango cha risasi katika damu kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa hatari. Mto hupita chini ya jaa hilo, na mvua inaponyesha, maji meusi huteremka kutoka kwenye lundo hadi mtoni.

Mbali na taka ngumu kuna majitaka. Mabomba makuu ya majitaka yamepitishwa katika mabonde ya mito kwa sababu maji hufuata mteremko. Panapokuwa na bomba lililopasuka, lililoziba au lililotobolewa kwa makusudi na wakulima wanaotafuta maji ya kunyunyizia, uchafu huingia mtoni moja kwa moja. Katika mitaa ambako mabomba hayajafika, vyoo humwagwa mtoni usiku. Viwanda, gereji, vichinjio na wagema wa chang'aa huongeza mzigo huo.

Athari yake kwa viumbe ni rahisi kueleza. Vijidudu vinavyoozesha uchafu hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Uchafu ukizidi, oksijeni humalizwa, samaki na wadudu wa majini wakafa, na wanaosalia ni viumbe wachache wanaovumilia uvundo. Korongo wa taka, wale wenye mfuko shingoni, ndio wanaoonekana Dandora kwa wingi; ndege wanaohitaji maji safi na samaki wamehama.

Kazi ya ukingo wenye mimea

Watu wengi wanaposikia kuhusu kurejesha mazingira ya mto hufikiria kuzoa taka. Kuzoa taka ni hatua ya mwanzo tu. Mto wenye afya si mfereji wa maji. Ni maji pamoja na kingo zake, mimea ya kingo hizo, na tambarare ambayo maji hufurika mara kwa mara.

Mimea ya ukingoni hufanya kazi nne ambazo binadamu akitaka kuzifanya kwa mitambo hugharimika sana. Kwanza, mizizi hushika udongo usibebwe na maji. Pili, majani na nyasi huchuja takataka na udongo kabla haujaingia mtoni. Tatu, kivuli hupoza maji, na maji baridi huhifadhi oksijeni zaidi kuliko maji yenye joto. Nne, ukanda wa mimea huwa njia ya viumbe: ndege, nyuki, vyura na wanyama wadogo huutumia kutoka eneo moja hadi jingine katikati ya jiji.

Si kila mti unaofaa. Mikaratusi hukua haraka, lakini hunyonya maji mengi, na kwa sababu hiyo wataalamu wamekuwa wakishauri iondolewe kando ya mito na chemchemi. Miti ya asili kama mkuyu, mgumo na mgunga huvumilia mafuriko na ukame wa mahali hapa kwa kuwa ilikuwapo kabla ya mji. Wazee wa Kikuyu waliutambua mkuyu kuwa ishara ya maji yaliyo karibu, na mgumo ulikuwa mti mtakatifu usiokatwa. Aidha, mianzi hupandwa kwenye miteremko kwa kuwa mizizi yake hutanda haraka, nayo matete na mafunjo hurudishwa penye maji yaliyotuama ili kuyachuja.

Mimea mingine inayoonekana kuwa ya kijani ni dalili ya ugonjwa. Gugumaji lililofunika Bwawa la Nairobi kwa miaka mingi hustawi kwa mbolea iliyomo kwenye majitaka. Mibono na vichaka vya mvumba hutanda upesi penye ardhi iliyovurugwa. Ukijani peke yake hauthibitishi kwamba mto umepona.

Sheria yasemaje

Kenya haina upungufu wa sheria kuhusu mito. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 62 kinahesabu mito kuwa ardhi ya umma, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ijitahidi kufikisha eneo lenye miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mwananchi yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika.

Kuhusu upana wa ardhi inayopaswa kuachwa kando ya mto, kanuni zimekuwa zikitofautiana. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zilikataza ujenzi katika eneo lenye upana sawa na wa mto, lisilopungua mita 6 na lisilozidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za maji za 2007 zilikuwa na vipimo hivyohivyo vya mita 6 na 30, lakini zilipima kutoka ukingo wa juu wa mto.

Tofauti hiyo ndogo katika maandishi ni kubwa ardhini. Mwenye nyumba Kiambiu aliyeambiwa kuwa mita 6 zinatosha hujikuta siku moja akiambiwa kuwa ni 30. Isitoshe, katika sehemu nyingine za jiji hatimiliki zilitolewa kwa ardhi iliyo ndani ya vipimo hivyo. Agosti 2018, serikali ilipobomoa majengo makubwa yaliyodaiwa kujengwa juu ya mito, yakiwemo maduka ya kifahari ya magharibi mwa jiji, wamiliki wengi walionyesha stakabadhi zilizotiwa mihuri ya serikali hiyohiyo.

Mahakama nazo zimesema. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliagiza jaa la Dandora lihamishwe katika muda wa miezi sita, na mito ya Nairobi na Athi isafishwe. Miezi sita ilipita, na miaka iliyofuata malori yaliendelea kumwaga taka palepale.

Miongo ya majaribio

Tangu mwishoni mwa karne iliyopita, karibu kila serikali imekuwa na mpango wake wa kuusafisha mto. Mwaka 1999 UNEP na washirika wake walianzisha Mpango wa Bonde la Mto Nairobi, uliokusanya takwimu za uchafuzi na kuhusisha jamii za mitaani. Takwimu hizo zilithibitisha kwamba ubora wa maji hushuka kadiri mto unavyoingia mjini.

Mwaka 2008 John Michuki aliteuliwa kuwa Waziri wa Mazingira. Kwa ukali uliompa sifa alipokuwa akisimamia sekta ya matatu, aliwaondoa wafanyabiashara na gereji kwenye sehemu ya ukingo karibu na Globe, na kuagiza miti ipandwe. Kwa muda Wakenya walishuhudia maji yaliyokuwa meusi yakianza kubadilika rangi. Michuki alifariki Februari 2012, na bustani hiyo ikapewa jina lake. Baadaye ilitelekezwa, takataka zikarudi, hadi ilipofufuliwa mwaka 2020 chini ya Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi, NMS.

Kuanzia mwaka 2010, Benki ya Maendeleo ya Afrika, AfDB, ilifadhili mradi wa kupanua mabomba ya majitaka katika bonde la mito ya Nairobi. Mradi wa aina hii hauna mvuto wa picha za magazetini. Hakuna kiongozi anayepigwa picha akikata utepe mbele ya bomba lililofukiwa. Lakini kila bomba linaloyafikisha majitaka kwenye mitambo ya Ruai badala ya mtoni lina thamani kuliko miche elfu inayopandwa kwenye ukingo unaoendelea kupokea uchafu.

Mwishoni mwa 2022 serikali ya Rais William Ruto iliunda Tume ya Mito ya Nairobi. Ulifuata mpango wa Climate WorX Mtaani wa kuwaajiri maelfu ya vijana wa mitaani kusafisha mito na kupanda miti. Machi 2025 Rais alizindua mpango wa kufufua mito hiyo ambao serikali ilisema ungegharimu Sh50 bilioni, ukijumuisha mabomba ya majitaka, madaraja ya miguu, bustani na nyumba.

Kinachodhihirika katika historia hii ni kwamba jitihada nyingi zilimtegemea mtu au utawala. Waziri akiondoka, ukingo hurudi kuwa jaa. Mto haujui muhula wa uchaguzi.

Vijana wa Korogocho

Mfano unaotajwa mara nyingi wa jitihada zilizotoka chini ni ule wa Korogocho. Mwaka 2017 kundi la vijana linaloitwa Komb Green Solutions lilianza kusafisha sehemu ya ukingo wa Mto Nairobi iliyokuwa jaa la taka na maficho ya wahalifu. Baadhi ya waanzilishi walikuwa wenyewe wamewahi kuishi kwa uhalifu, na walikuwa wamewazika marafiki kadhaa waliouawa kwa risasi. Waliondoa tabaka juu ya tabaka la plastiki, wakasawazisha mteremko, wakapanda miti, mianzi na maua, wakaweka viti na mahali pa watoto kuchezea. Bustani hiyo wakaiita People's Park, yaani Bustani ya Wananchi.

Dandora nako, vijana walianza kushindana kusafisha nyua za nyumba na barabara za mtaa, wakatoza wakazi ada ndogo ya kulinda usafi na magari. Fedha hizo ndizo zilizolipia walinzi na watunza bustani.

Miradi hiyo ina siri moja: wanaotunza ukingo ni wale wale wanaoishi kando yake. Mti uliopandwa na mgeni kutoka afisini hung'olewa usiku, lakini ule uliopandwa na kijana wa mtaa hulindwa na mama yake, jirani yake na wachezaji wa timu yake. Pili, kila mradi ulitafuta njia ya kujipatia riziki, iwe ni kuoshea magari, kuuza miche, kufuga samaki au kukodisha uwanja kwa sherehe. Kijana mwenye njaa hawezi kumwagilia miche kwa miaka mitano bila malipo.

Hata hivyo, jitihada za vijana zina mipaka. Wanaweza kuondoa taka na kupanda miti, lakini hawawezi kujenga bomba kuu la majitaka wala kukifunga kiwanda kinachomwaga kemikali. Maji yanayopita mbele ya bustani nzuri ya Korogocho yamekwisha kuchafuliwa kilomita nyingi kabla ya kufika hapo.

Mafuriko ya 2024 na swali la makazi

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, baada ya mvua kubwa, Mto Mathare ulivunja kingo zake. Wakazi walipanda juu ya mapaa ya mabati wakisubiri kuokolewa. Katika msimu huo wa mvua watu zaidi ya 200 walifariki kote nchini.

Siku chache baadaye serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi kwenye kingo za mito wahame. Tingatinga zilifika Mathare, Mukuru na mitaa mingine ya Eastlands, zikabomoa maelfu ya nyumba zilizo ndani ya mita 30. Rais alizuru Mathare na kuahidi kila familia iliyoathiriwa Sh10,000. Watetezi wa haki walilalamika kwamba watu walibomolewa wakati mvua ingali inanyesha, bila kuonyeshwa mahali mbadala pa kuishi.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kurejesha mazingira katika bonde lenye watu. Mto unahitaji nafasi yake, na kumwacha mtu alale mahali ambapo maji yatamfikia usiku si huruma. Lakini kumfukuza bila mbadala si uhifadhi pia. Ni kuuhamisha umaskini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Familia iliyobomolewa Mathare Mei hupatikana Kiambiu au Njiru ifikapo Desemba, ikiwa imejenga mita chache kutoka kwenye maji yaleyale. Mche uliopandwa kwenye ardhi iliyopatikana kwa njia hiyo huwa na adui tangu siku ya kwanza.

Kadhalika kuna suala la riziki. Kando ya mito ya Eastlands kuna wauza mitumba wa Gikomba, mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wafugaji wa nguruwe, na wakulima wa sukuma wiki wa Njiru na Ruai wanaonyunyizia mimea majitaka. Mboga hizo zinaweza kubeba madini hatari kama risasi, na huliwa jijini kote. Mkulima akiambiwa aache, lazima pia aonyeshwe maji mengine.

Mafunzo ya kwingineko

Nairobi si jiji la kwanza kukabiliwa na mtihani huu. Mwaka 1957 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba Mto Thames jijini London ulikuwa umekufa, kwani katika sehemu kubwa hapakuwa na kiumbe kilichoweza kuishi. Jiji liliboresha mitambo ya majitaka, na katika miongo iliyofuata samaki wakarejea. Kilichoanza kurekebishwa kilikuwa mabomba, si maua.

Singapore ilianza kusafisha mto wake mwaka 1977, baada ya Waziri Mkuu Lee Kuan Yew kutoa muda wa miaka kumi. Maelfu ya familia, wafugaji na wachuuzi walihamishwa, ila walipelekwa kwenye nyumba na masoko yaliyojengwa kwa ajili yao. Kazi ilikamilika mwaka 1987.

Jijini Seoul, Korea Kusini, barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon ilibomolewa na kijito kufunguliwa mwaka 2005 kwa urefu wa takriban kilomita 6. Mamilioni ya watu hukitembelea. Lakini sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han, jambo linalokumbusha kwamba mto wa kupendeza si lazima uwe mto uliopona.

Karibu na nyumbani, Kampala ina kinamasi cha Nakivubo, ambacho kwa miaka mingi kilichuja majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Kadiri kinamasi kilivyomegwa kwa mashamba na ujenzi, ndivyo gharama ya kusafisha maji ya kunywa ilivyopanda. Dar es Salaam nayo ina Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa bondeni walipelekwa Mabwepande, mbali na shughuli zao, na baadhi yao wakarudi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, ambao unahusisha kuwalipa fidia wanaohama na kuligeuza eneo la Jangwani kuwa bustani inayoweza kufurika bila kuua mtu.

Hatua zinazofuatana

Ukiunganisha mafunzo hayo, kurejesha bonde la mto kuna mpangilio wake, na kuuvuruga ni kupoteza fedha. Uchafu huzuiwa kwanza mahali unapotoka: mabomba hukarabatiwa, vyoo huunganishwa, viwanda hukaguliwa, na taka za nyumbani huzolewa kwa ratiba inayoaminika. Ardhi ya kingo hupimwa na kuwekewa alama ambazo kila mkazi anaweza kuziona, ili ubomoaji usiwe jambo la kushtukiza. Wanaopaswa kuhama huonyeshwa mahali pa kwenda kabla tingatinga haijafika. Miteremko husawazishwa na kuimarishwa kwa mawe, nyasi na mianzi. Ndipo miti ya asili ipandwe, na mabwawa madogo ya matete yachimbwe palipo na nafasi. Mwisho, na hapa ndipo mipango mingi hufia, hutengwa fedha za utunzaji wa kila mwaka, na maji hupimwa mara kwa mara huku matokeo yakitangazwa kwa wananchi.

Ikumbukwe pia kwamba mto hauheshimu mipaka ya kaunti. Ondiri iko Kiambu, ilhali wanaokunywa maji ya Athi wako Machakos, Makueni na Kilifi. Kinamasi hicho kikikauka, hakuna bustani Eastlands itakayokuwa na maji ya kutiririka mbele yake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bonde la Mto Nairobi ufa uliachwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na sasa ukuta ndio unaojengwa, kwa mabilioni ya shilingi na, mara nyingine, kwa gharama ya nyumba za maskini. Iwapo ukuta huo utasimama, haitajulikana siku ya uzinduzi. Itajulikana miaka ishirini ijayo, pale mtoto wa Korogocho atakapoweza kukaa chini ya mkuyu uliopandwa leo, akatazama maji yakipita, na asilazimike kuziba pua.